Mti wa Krismasi Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaskazi ikishaanza kuvuma na maembe yakajaa sokoni, simu yangu hupata kazi. Kila Desemba napamba nyumba za watu na hoteli ndogo ndogo hapa Malindi, mwaka huu ni wa kumi na nne, na maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nimeyapanga hapa: ya mwanzo kwanza, ya wenye shida zao maalumu baadaye. Ukiwa na haraka, soma lile la "wa kweli au wa plastiki" kisha ushuke hadi la makuti. Hilo la makuti usiliruke.

## Ya mwanzo

Malindi kuna mti wa Krismasi wa kweli, au ni lazima uagizwe bara?

Upo. Wengi wanaouliza hivi wana picha ya ule mti wa kwenye kadi, wenye theluji juu. Huo ni wa nchi za baridi na hapa haumei. Kwetu sisi, "wa kweli" ni mmoja kati ya mitatu. Kuna mvinje, unaomea kuanzia ufuoni hadi mashambani huku Kilifi kote. Kuna saipresi ya bara, ile inayosimamishwa kando ya barabara za Nairobi Desemba ikifika; huku kwetu hufika kama matawi, ndani ya buti la basi. Na kuna araukaria ya chunguni, inayouzwa na wenye vitalu vya miche. Kila mmoja una swali lake hapo chini.

Mvinje? Si ule wa nguzo za kujengea?

Huo huo. Watu hucheka nikiutaja, mpaka wauone umevishwa taa.

Mvinje si msonobari hata kidogo, ingawa macho hudanganyika. Yale unayoyaona kama sindano si majani, ni vijiti vya kijani. Majani yenyewe ni vigamba vidogo mno vilivyozunguka kila kiungo. Shika kijiti kimoja ukivute taratibu: kitaachana pingili kwa pingili, kama muwa wa mwanasesere. Watoto wakishagundua hilo, mti wako uko hatarini.

Asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki, lakini pwani hii umeizoea kuliko baadhi yetu. Unavumilia chumvi, na mchanga mtupu unauweza kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji kule Bamburi mwaka 1971, mahali palipokuwa jiwe jeupe tupu, mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyokubali kuishi.

Sasa njoo kwenye biashara. Wakulima huupanda kwa kubananisha ili uende juu ukiwa umenyooka, kisha huuza nguzo. Nguzo ikikatwa, kilele chake, ile mita moja na nusu au mbili ya juu yenye matawi ya kijani, hubaki chini. Kwa mkulima hizo ni kuni. Kwako ni mti wa Krismasi, na hakuna mti uliokatwa kwa ajili yako. Mwaka jana nililipa shilingi 300 kwa kilele kimoja, na mwenye shamba aliniangalia kama mtu aliyepungukiwa.

Kasoro zake nazo nizitaje. Matawi ni malegevu. Yakipewa mipira mizito ya kioo yanainama kama nywele zilizoloa. Rangi yake ni kijani chenye ujivujivu, si kile cha kadi. Na haunukii kitu. Anayetaka harufu ya Krismasi ya sinema atasikitika, ingawa katika mji huu harufu ya nyumba imekuwa kazi ya udi tangu zamani.

Basi kwa kifupi: wa kweli au wa plastiki?

Kama unaijua njia ya shamba la mvinje na utakuwa nyumbani sikukuu yote, chukua kilele cha mvinje. Kama unataka mti ule ule kila mwaka na una mahali pakavu pa kuuweka, nunua wa plastiki, mzuri, mara moja, uukalie miaka kumi na zaidi. Kama una uwanja wenye jua, nunua mche wa chunguni.

Ninachokipinga ni kimoja tu: ule wa plastiki wa bei ya kutupa, unaonunuliwa Desemba, ukavunjika mguu Januari, ukachomwa jaani Februari, na mwaka ujao mtu yuko dukani tena. Huo si wa kweli, si wa kudumu, na ukijumlisha miaka mitano si rahisi pia.

Mila hii ilitoka wapi? Ni ya kanisa?

Ni ya Ujerumani, karne ya 16 hivi, na kwa muda mrefu ilikuwa ya Waprotestanti. Ilienea duniani baada ya gazeti moja la London kuchapisha mwaka 1848 mchoro wa Malkia Victoria na mumewe Albert, mzaliwa wa Ujerumani, wakiwa na watoto wao kando ya mti. Kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro kule Vatikano mti ulisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo II. Wareno walifika Malindi 1498 na kanisa lao dogo bado limesimama karibu na bahari, ila mti wa Krismasi si wao waliouleta. Kwa Wakatoliki wa hapa, chenye uzito ni pango: hori, Mtoto, wachungaji. Mti ni pambo. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaohisi wametenda dhambi wasipokuwa nao.

## Kununua wa kweli

Nitajuaje kama mvinje bado ni mbichi?

Ukunje kijiti cha kijani: kibichi hupinda, kilichokauka hukatika kwa sauti. Kisha shika shina, uligonge chini mara moja kwa nguvu. Vikidondoka vijiti vichache ni sawa. Vikimwagika kama mvua, mwachie muuzaji. Tazama pia mahali ulipokatwa: pakiwa peupe na pana unyevu, umekatwa leo au jana. Pakiwa pamekuwa kahawia na pana nyufa, una wiki.

Njia bora ni kuwapo wakati wa kukata. Nenda asubuhi, na nenda na futi ya kupimia, kwa sababu mti ulio shambani huonekana mfupi na ukiingia sebuleni hugonga dari. Pima dari lako, toa urefu wa ndoo utakamosimama, toa nyota ya juu, toa shibiri moja ya kupumulia. Kinachobaki ndicho urefu wa mti wako.

Naweza kukata mwenyewe ufuoni au msituni?

Hapana, na hapana. Mivinje ya ufuoni ina wenyewe, na hata ile inayoonekana haina mtu inashikilia mchanga usipeperushwe wala kuliwa na mawimbi. Arabuko-Sokoke ni msitu unaolindwa, na ukikamatwa na panga huko ndani hakuna atakayesikiliza habari za Krismasi. Mikoko usiiguse kabisa. Kuna mtu aliwahi kuniletea tawi la mkoko kwa kuwa "lina umbo zuri". Nilimrudishia.

Saipresi inayokuja kwa basi inafaa?

Inafaa ikifika upesi. Harufu yake ni nzuri, na matawi yake yamejaa kuliko ya mvinje. Lakini ni mti wa nyanda za juu. Hapa, kwenye joto la Desemba na upepo usiolala, hugeuka rangi ya kutu kabla ya wiki mbili. Ukiagiza, agiza ikatwe siku ile ile inayopakiwa, ifungwe kwa gunia lililoloweshwa, na uipokee stendi mwenyewe. Ikishinda juani mchana mmoja juu ya keria, umenunua kuni za bei ghali.

Mimi huitumia kwa matawi tu: mashada ya mlangoni, mapambo ya mezani, na kufunika miguu ya pango.

Araukaria ya chunguni: niangalie nini kabla ya kulipa?

Huu ndio mti ambao wenye vitalu huuita "mti wa Krismasi" moja kwa moja, na una haki hiyo: matawi yake hukaa kwa ngazi, yamenyooka kama vipima maji. Kwao ni kisiwa cha Norfolk, upande wa Australia, na kwa kuwa ni mti wa kisiwani hauogopi upepo wa chumvi.

Angalia kilele kwanza. Kiwe kimoja, kimesimama wima, hakijakatwa. Araukaria iliyokatwa kilele haiotei vizuri tena. La pili wengi hawalijui: kuna miche iliyooteshwa kutokana na vipandikizi vya matawi ya pembeni. Tawi la pembeni hukumbuka lilikotoka. Litaendelea kukua kwa ubavu, limelala, miaka nenda miaka rudi, na hakuna kijiti utakachoshikizia kitakacholinyoosha. Kama mche umeinama na matawi yake yako pande mbili tu kama unyoya wa ndege, uache hapo hapo.

Ya tatu: inakua ikawa refu kuliko mnara wa msikiti. Ikikushinda chunguni na ukaipanda kando ya ukuta chini ya waya za stima, umewaachia wajukuu kesi.

Mti uliokatwa utakaa siku ngapi, na niufanyie nini?

Mvinje, kwangu, hukaa siku kumi hadi kumi na mbili kabla ya kuanza kumwaga. Kwa hiyo usiukate tarehe moja. Kata karibu tarehe 18 au 20.

Ukifika nyumbani, kata tena kipande cha sentimita mbili chini ya shina, uingize kwenye maji papo hapo. Sehemu iliyokaa wazi huziba, na ikiziba haifyonzi. Nasimamisha mti kwenye ndoo: mawe makubwa chini, shina katikati, mawe mengine pembeni mpaka lisitikisike, kisha maji. Kokoto za ufuoni zenye chumvi hazifai, zioshe kwanza. Usiku wa kwanza mti hunywa kama mtu aliyefungua saumu. Ukiamka utakuta maji yamepungua nusu. Ongeza kila asubuhi. Sukari, aspirini, soda na mengine yote unayoshauriwa na jirani hayana kazi. Maji safi yanatosha, na funika mdomo wa ndoo kwa kitambaa usije ukafuga mbu.

Weka mbali na feni. Feni ya darini huukausha mti kuliko jua la dirishani.

## Kununua wa plastiki

Nitatofautishaje mzuri na wa kutupa?

Usiangalie urefu. Duka huuza urefu kwa sababu ndio unaoandikwa kwenye boksi. Angalia vitu hivi.

Majani. Mengi ni vipande vya plastiki ya PVC vilivyokatwa kama karatasi na kusokotwa kwenye waya. Ndiyo sababu mti wa rahisi unafanana na brashi. Na si bure: miaka ya 1930 kuna kampuni ya brashi iliyotengeneza miti ya Krismasi kwa mashine zile zile za brashi za choo. Miti ya bei ya juu ina ncha za plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu, aina ya PE, zenye unene na umbo la jani. Pitisha mkono kutoka shinani kwenda nje, na ukirudi na majani mkononi, rudisha na mti.

Matawi. Inama uangalie kati ya matawi, sawa na macho yako. Ukiona mlingoti wazi kutoka juu hadi chini, ukifika nyumbani utaununulia utepe wa kung'aa wa kuuficha, na gharama imepanda.

Mguu. Hapa ndipo miti mingi ya Malindi hufia. Mguu wa plastiki wa pembe tatu, na parafujo moja, hauwezi kusimamisha mita mbili kwenye nyumba yenye madirisha yanayotazamana wakati wa kaskazi. Tafuta wa chuma wenye ncha nne, au panga kutumia ndoo na mawe kama wa kweli.

Kwa nini wangu umepata kutu mwaka wa pili?

Bahari. Ndani ya kila tawi kuna waya wa chuma, na hewa yetu ina chumvi. Kutu huanza kwenye bawaba, pale tawi linaposhikana na mlingoti, na siku moja unalikunjua linabaki mkononi. Nunua wenye vyuma vilivyopakwa rangi nzito, si vilivyo wazi. Kabla ya kuuhifadhi ufute kwa kitambaa kikavu, paka bawaba mafuta kidogo ya cherehani, kisha ufunge. Walio Mayungu au mstari wa kwanza wa bahari wafanye hivyo na wakati wa kuutoa.

Niuhifadhi wapi mpaka mwaka ujao?

Si juu ya dari chini ya mabati. Wangu wa kwanza niliuweka huko. Niliposhusha boksi Novemba, matawi yalikuwa yamelegea na kushikana kwa joto, rangi imekuwa ya mboga iliyochemka, na katikati panya amezalia ndani ya utepe wangu wa dhahabu. Watoto watano. Nilisubiri wiki mbili wahame.

Weka chini ya kitanda au juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nguo mzito uliofungwa kwa kamba, si lile boksi la karatasi ambalo mende hulipenda. Tia majani makavu ya mkilifi. Bibi zetu walihifadhia nguo na nafaka hivyo.

Kuna Mwitaliano anahama, anauza wake. Ninunue?

Mara nyingi ndiyo. Malindi ina bahati hiyo: wageni waliokaa muda mrefu hununua vitu vizito, na wakiondoka huviacha kwa bei ya maongezi. Ukunjue wote kabla ya kulipa, uhesabu vipande.

Mambo mawili tu. Taa zake zikiwa za Italia, volti zitakubaliana na zetu ila plagi si yetu; mwambie fundi aibadilishe, usichomeke nyaya tupu kwa njiti za kiberiti. Zikiwa zimeletwa na jamaa wa Marekani, angalia maandishi kwenye plagi: volti 120 pekee ukizichomeka kwenye 240 zitawaka mara moja, vizuri sana, na basi. La pili, miti ya zamani mno ya PVC ilitiwa risasi kuimarisha plastiki, na plastiki ikichakaa hugeuka vumbi. Wenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni, wauache ulio na unga unga.

Kwa mazingira, upi una nafuu?

Shirika la Carbon Trust la Uingereza liliwahi kukadiria kwamba mti wa plastiki wa mita mbili hubeba kilo 40 hivi za hewa ya ukaa, wa kweli unaoozea jalalani kilo 16, na wa kweli unaochomwa au kusagwa kilo 3 na nusu. Hesabu hiyo ni ya kwao, si ya kilele cha mvinje kilichokuwa kinakwenda kuwa kuni hata hivyo. Lakini inaonyesha kwa nini nasema miaka kumi: gawanya 40 kwa miaka utakayoutumia.

Huku kwetu mimi huwaza zaidi utepe wa kung'aa. Unakatika vipande, unapeperushwa na kaskazi, na kutoka barabarani hadi baharini Malindi hakuna umbali. Hifadhi ya bahari iko pale, kasa hutaga kwenye fukwe hizi. Tumia kitambaa. Vipande vya leso vilivyobaki kwa fundi cherehani vikifungwa mafundo hupendeza kuliko utepe wowote. Vijitunda vya mvinje vilivyopakwa rangi ya dhahabu, vifuu, kamba ya makumbi: vyote vipo, na ni vyepesi kwa matawi malegevu.

## Nyumba zetu

Nyumba yangu ni ya makuti. Naweza kuweka mti wenye taa?

Unaweza, ukinisikiliza hadi mwisho.

Makuti makavu ya Desemba hayangoji. Cheche moja ikishika, unachoweza kufanya ni kutoa watu. Kwa hiyo mshumaa hapana, wala ule mmoja wa mkesha, wala ndani ya gilasi. Taa ziwe za LED, ambazo hazipati moto kama zile ndogo za zamani zenye waya ndani. Kamwe usipitishe waya wa taa juu kwenye boriti au fito za paa ili "ishuke vizuri". Waya ukae chini, ukutani, mbali na kuti. Kilele cha mti kiwe chini ya paa kwa mita nzima au zaidi.

Usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni. Ukitoka au ukilala, toa plagi, usizime swichi ya taa tu. Weka ndoo ya mchanga karibu. Maji yasimwagwe kwenye kitu kilicho na stima mpaka umeikata kwenye swichi kuu.

Na mti wa plastiki ulioandikwa kwamba haushiki moto kwa urahisi, maana yake ni hiyo tu: si kwa urahisi. Mvinje uliokauka ni kuni bora kuliko kuni zote za pwani, hilo kila mpishi wa harusi analijua. Ukianza kumwaga, siku hiyo hiyo taa zitoke.

Ukitaka kulala usingizi, tumia taa za betri au za sola. Pia stima ikipotea wewe bado unang'aa.

Nyumba ya mawe, Mji wa Kale au Lamu: mti gani unaenea?

Mwembamba. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba kwa sababu upana ulipangwa na urefu wa boriti za mkoko. Mti mpana wa plastiki utaziba njia nzima, na wageni watapita kwa ubavu kama kaa. Dari liko juu, hivyo nenda juu badala ya kwenda pembeni. Zidaka za ukutani nazo ni mahali pazuri pa kupanga pango.

Kwa Lamu, kumbuka safari: basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha punda au mabega kwenye vichochoro. Mti wa kweli ufungwe matawi kuelekea juu kwa kamba, uvishwe gunia. Wa plastiki ugawanye vipande viwili. Na usimwambie mwenye punda kwamba ni mwepesi kabla ya kupatana bei, mwambie baadaye.

Nauweka barazani. Upepo je?

Fungia sehemu mbili, chini na katikati, kwa kamba, kwenye nguzo. Hoteli moja, sitaitaja, iliona kamba zangu zinaharibu picha ikazikata. Asubuhi mti ulikuwa ndani ya bwawa la kuogelea na taa zake zote. Bahati njema stima ilikuwa imepotea usiku ule.

Paka.

Si swali, lakini huandikwa hivyo hivyo kwenye ujumbe. Paka wa pwani atapanda. Usitundike kitu cha kuning'inia chini ya usawa wa kiuno, usitumie samaki wa kung'aa (ndiyo, nimeona), na mti wa ndoo yenye mawe hauangushwi na paka mmoja. Wawili, sijui. Mbuzi ni habari nyingine: mlango ufungwe.

Mwanangu ana pumu. Kuna ulio salama?

Wa kweli huweza kuingiza ukungu na chavua, wa plastiki huingiza vumbi la mwaka mzima. Wa plastiki ukung'ute nje na kuufuta kwa kitambaa chenye maji siku moja kabla. Wa kweli umwagie maji uani, uuache ukauke kivulini. Akianza kukohoa, toa mti bila mjadala. Pango peke yake linatosha.

## Watu na kalenda

Mwenye nyumba wangu ni Muislamu. Nimwombe ruhusa?

Ndani ya nyumba uliyopanga, mti ni wako. Barazani, ngazini au mlangoni panapotumiwa na wote, pita umsalimie umwambie. Wangu, mzee wa makamo ya babangu, hakuwa na neno na mti. Alichoomba ni nisipigilie misumari kwenye ukuta wake wa chokaa. Tangu hapo naning'iniza kwa kamba. Siku ya pili ya sikukuu sahani ya biriani hutoka kwangu, na Idi hurudi ikiwa na kaimati. Nyimbo zipunguzwe wakati wa adhana, hilo halihitaji kufundishwa mtu wa Malindi.

Unawekwa lini, unatolewa lini?

Wa plastiki, wengi huanza mwanzoni mwa Desemba. Wa kweli, angalia nilivyosema kwenye siku za kukaa. Kutoa, desturi ni tarehe 6 Januari, Epifania, ila mvinje ukikauka tarehe 30 usiufuge kwa ajili ya desturi.

Nasafiri tarehe 23, narudi mwaka mpya. Niuache?

Wa plastiki uache bila stima. Uliokatwa usiuweke kabisa. Wa chunguni mpe jirani amwagilie.

Ukiisha, niutupe wapi?

Mvinje na saipresi: kata, anika, pikia. Majani ya saipresi yanafaa kuwekwa chini ya miti shambani. Wa plastiki uliokufa usiuchome jaani. Moshi wa PVC ni sumu, unauma macho na vifua vya mtaa mzima. Toa vyuma umpe mwenye kununua vyuma chakavu, matawi mazima tengeneza shada la mlango, yaliyobaki yaende na taka.

Nilinunua mvinje wa chunguni. Naweza kuupanda baada ya Krismasi?

Ndiyo, ila usiupande Januari. Watu huupanda tarehe 2 kwa furaha na kufikia Februari umekuwa fito, kwa sababu kaskazi haina mvua. Ndani ya nyumba usiukalishe zaidi ya siku kumi, ni mti wa jua. Ukitoka, uweke kivuli chepesi siku tatu, kisha jua, umwagilie kila jioni hadi Aprili mvua za mwaka zikianza. Hapo ndipo uchimbe shimo. Anayetaka mche au ushauri zaidi, kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI kiko Gede, si mbali.

Panda mbali na bustani ya mboga. Chini ya mvinje hurundikana zulia la vijiti ambalo halioteshi hata magugu. Mbali pia na tangi la maji na ukuta. Wangu wa mwaka 2016, uliokuwa unafika kifuani ukiwa na nyota juu, sasa umelipita paa la jirani, na jirani ameshanitumia mtu mara mbili kuuliza nguzo nauza bei gani.